Mbabi wa Cedar

Nilipofika Minneapolis sikuhitaji kuambiwa mara mbili adui zetu ni akina nani. Walikuwa vijana wa Edina, kitongoji cha wenye nazo kusini-magharibi mwa mji, ambao kila mtu aliwatania kwa jina la "wala keki". Sisi tulikaa Cedar-Riverside, kwenye yale maghorofa ya saruji yenye vibao vya rangi, mimi na mama kutoka Nairobi, majirani wengi wakiwa Wasomali. Rafiki yangu wa chanda na pete alikuwa Msomali aliyekulia Eastleigh, Nairobi, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikuwa kimoja, Sheng tele. Kwenye lifti tulisengenya watu bila wasiwasi, mpaka siku mama mmoja mwenye buibui alipogeuka akatujibu kwa lafudhi safi ya Kibajuni. Tulishuka ghorofa isiyo yetu.

Maghorofa hayo yalichorwa na Ralph Rapson, yakafunguliwa mwaka 1973, na nia ilikuwa tajiri na maskini wakae jengo moja. Enzi zetu sikumwona huyo tajiri.

Mwaka 2000 kesi ambayo NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani Weusi, kiliifungulia serikali ya jimbo kuhusu shule za Minneapolis iliishia kwa maafikiano. Kuanzia mwaka uliofuata, watoto wa mjini wa familia zenye kipato kidogo waliweza kusoma shule za vitongojini, nauli ya basi ikilipwa. Kigezo kilikuwa kustahili chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu. Ile fomu ya chakula tuliyokuwa tukiikunja mara nne ili darasani isionekane, sasa ndiyo ilikuwa tiketi. Mama aliijaza mezani akiwa tayari amevaa sare za zamu ya usiku, kwani alikuwa akihudumia wazee katika makao yao huko huko vitongojini.

Rafiki yangu hakutaka hata kuishika. "Wewe nenda tu ukawe mbabi," akasema, yaani mtoto wa kitajiri.

Nikaenda. Alfajiri basi lilinichukua gizani. Jioni nikirudi uwanja wa Currie Park ulikuwa umeshagawana timu. Hakuna aliyenifukuza. Pasi tu ndizo zilizoacha kunifikia, na anayejua mpira wa mtaani anajua hiyo ni hukumu gani. Zamani mimi na rafiki yangu tulivaa njumu jozi moja kwa zamu, soksi mbili mbili kwa sababu njumu zilikuwa kubwa. Sasa nilikuwa na zangu.

Kisha ratiba ikatukutanisha, shule yangu mpya na yake, kwao mjini. Mimi beki wa kulia, yeye winga wa kushoto, yaani dakika zote tunapumuliana shingoni. Walitufunga mapema. Mashabiki wetu, waliokuja na magari ya wazazi wao, wakaanza wimbo wa kejeli: kwamba si neno, siku moja hawa wa mjini watatufanyia kazi. Nilikuwa nimevaa jezi ya waimbaji, na mama yangu alikuwa ameshaanza hiyo kazi. Miguu ilikuwa mizito. Mpira ukatoka nje, na yeye alipokuja kurusha akapita karibu yangu, akasema bila kunitazama, "Achana nao bana, cheza mpira."

Kisha akanipiga chenga akatoa krosi ya bao la pili. Huruma ina mipaka yake.

Baada ya mechi basi la timu liliondoka bila mimi. Tulirudi Cedar na basi la kawaida, yeye akilipa, na kesho yake pasi zikarudi.

Miaka ilivyokwenda, mpaka wenyewe kati ya mji na vitongoji ulihama. Wakenya wenzetu, wengi wauguzi waliopiga kazi mbili mbili, walinunua nyumba Maple Grove na Plymouth, na kwenye harusi watoto wao wakawa na meza yao, na wa Cedar yao. Hapo hapakuwa na Mzungu wa kulaumiwa.

Rafiki yangu naye anaishi Eden Prairie, ana gereji ya magari mawili nyumbani, na kijana wake anachezea klabu ya kulipia. Majuzi alinipigia simu amefura: vijana wa mjini wamewafunga, tena wanacheza rafu, refa haoni. Nilimwachia amalize.

"Umemaliza, mbabi?" nikamuuliza.

Alinitukana kwa Sheng ya Eastleigh, ile ya zamani, kisha akauliza hali ya mama.