Parokia ya Selborne na Taa ya Unyasi

Yapata maili 50 kusini magharibi ya London, katika jimbo la Hampshire, kuna parokia ya shamba iitwayo Selborne. Haina bandari wala kiwanda, haikupiganiwa vita mashuhuri, wala haikuzaa mfalme. Kijiji chenyewe ni barabara moja iliyopindapinda, yenye nyumba huku na huku, na urefu wake haufiki maili moja. Hata hivyo jina la Selborne linajulikana kwa wasomaji wa nchi nyingi, na wageni hufika mwaka baada ya mwaka kuitazama, kwa sababu mtu mmoja aliyezaliwa hapo aliandika kwa uaminifu mambo aliyoyaona kati ya kilima na kisima cha kwao.

Kilima kiko upande wa kusini magharibi, nacho ni cha chokaa nyeupe, kikipanda kiasi cha futi 300 juu ya kijiji. Mteremko wake, uitwao Hanger, umefunikwa na msitu wa miti mirefu yenye gome laini la kijivu. Mwaka 1753 ndugu wawili, Gilbert na John White, walichonga njia ya kupandia kilima hicho, yenye kukata kona kushoto na kulia ili mtu asichoke upesi. Njia hiyo hupandwa mpaka leo. Ziko njia nyingine za zamani zaidi, ambazo hazikuchongwa na mtu yeyote kwa makusudi. Magurudumu ya mikokoteni na maji ya mvua yalizila karne baada ya karne, hata mahali pengine zikazama futi 16 au 18 chini ya mashamba yaliyo kando yake, na mpita njia huiona mizizi ya miti ikining'inia juu ya kichwa chake.

Kuhusu maji, visima vya kijiji vilichimbwa kwa wastani wa futi 63 ndipo vikaaminika kuwa havitakauka. Maji yake yalikuwa maangavu na matamu kinywani, lakini yalikataa kutoa povu kwa sabuni. Mama yeyote aliyewahi kufua kwa maji ya mahali penye chokaa ataielewa taabu hiyo bila kuelezwa zaidi.

Gilbert White alizaliwa tarehe 18 Julai 1720 katika nyumba ya kasisi, kwa kuwa babu yake ndiye aliyekuwa kasisi wa Selborne. Alisoma Oxford katika chuo cha Oriel, naye akapata daraja ya ukasisi. Lakini haki ya kumchagua kasisi wa parokia hiyo ilikuwa mkononi mwa chuo kingine cha huko huko Oxford, Magdalen, kilichopewa mali ya nyumba ya watawa wa Selborne ilipofungwa katika karne ya 15. Watawa hao walikuwa wamewekwa hapo na Peter des Roches, askofu wa Winchester, katika karne ya 13. Basi mambo ya watawa waliokufa zamani yalimfungia mlango kijana huyu, na mtu aliyeitangaza Selborne kuliko wote hakupata kuwa zaidi ya kasisi msaidizi ndani yake. Hakuoa. Aliishi katika nyumba iitwayo The Wakes, karibu na kanisa, akilima bustani na kuandika kila siku hali ya mvua, upepo, mimea na wanyama. Barua zake kwa wataalamu wawili, Thomas Pennant na Daines Barrington, zilikusanywa zikawa kitabu, nacho kilichapishwa na ndugu yake Benjamin mjini London, kikibeba mwaka 1789.

Watu wengi wanaokisifu kitabu hicho hukisifu kwa ajili ya ndege. Ni haki yao. Lakini kwa mwenye kutunza nyumba, barua moja yaweza kuwa na faida kuliko zote, nayo ni ile inayoeleza taa ya maskini.

Mwaka 1783 parokia nzima ilikuwa na watu 676. White mwenyewe alisema maskini walikuwa wengi. Wanaume walifanya kazi za shamba na za msitu. Wanawake walipalilia ngano, na mwezi wa Septemba walichuma hopu, mmea unaoipa bia uchungu wake. Usiku wa baridi katika nchi hiyo huingia mapema, saa kumi jioni kumekwisha kuwa giza, na mshumaa ulikuwa na bei. Kwa hiyo watu wa Selborne walitumia unyasi wa majimaji, mwembamba na wa mviringo, wenye moyo mweupe laini ndani yake kama sufi.

Nyasi hizo zilikatwa katikati ya kiangazi, zikatiwa majini papo hapo ili zisikauke. Kisha zilimenywa ganda la nje, ila ukanda mmoja mwembamba uliachwa toka juu hata chini ili kuushikilia ule moyo usikatike. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto na bibi vizee, na White alimwona bibi mmoja kipofu kabisa akiifanya kwa wepesi na kwa usawa usio na kasoro. Baada ya kumenywa, nyasi zilitandazwa majanini zipate umande kwa siku kadhaa, zikaanikwa juani, ndipo zikachovywa katika mafuta ya moto. Mwanamke mwangalifu, mwenye mume mfanyakazi, hakuyanunua mafuta yote. Aliyaengua juu ya chungu alimopikia nyama ya nguruwe, akayahifadhi. Mwenye nta ya nyuki aliichanganya kidogo, na taa yake ikadumu zaidi.

Hapo ndipo White alipofanya jambo ambalo wasomi wengi wa wakati wake wasingelijali. Alichukua mizani na saa. Ratili moja ya nyasi zilizokauka, aliyoinunua kwa shilingi 1, aliihesabu akakuta nyasi zaidi ya 1,600. Ratili hiyo ilihitaji ratili 6 za mafuta, kila moja peni 4, yaani shilingi 2. Unyasi mzuri, mrefu kupita futi mbili, uliwaka dakika 57. Akasema, tuchukue nusu saa tu kwa kila unyasi; basi kwa shilingi 3 familia itapata saa 800 za mwanga. Kwa robo peni maskini angeweza kukaa katika nuru saa 5 na nusu. Na kwa kuwa wakati wa kiangazi watu wa kazi huamka na kulala pamoja na jua, ratili moja na nusu ya nyasi iliitosha nyumba mwaka mzima.

Hesabu hiyo ni nzuri, na haina kosa. Lakini mara baada yake White ametia neno ambalo msomaji hana budi kusimama nalo kidogo. Anasema kwamba maskini wa chini kabisa ndio wasiojua kuweka akiba kuliko wote, kwa maana wao hununua kila jioni mshumaa wa nusu peni, ambao katika vyumba vyao vyenye kupenya upepo huwaka saa 2 tu, hali kwa nusu peni hiyo hiyo wangepata saa 11.

Je, ni ujinga? Anayenunua mafuta ya taa kwa kibaba, na chumvi kwa kijiko, anajua kwamba mwenye debe hulipa kidogo kuliko yeye. Anajua pia kwa nini hanunui debe. Yule wa Selborne aliyekuwa na nusu peni jioni hakuwa na shilingi 3 za mafuta na nyasi katikati ya kiangazi, wala hakuwa na chungu cha nyama cha kuengulia. Wakati wa kumenya nyasi ndio wakati wa kazi nyingi za shamba, na nyumba isiyo na bibi wala mtoto mkubwa haikuwa na mikono ya kutosha. White alikuwa mtu mpole na mwenye huruma, tena alifurahi kuandika kwamba viazi, ambavyo zamani maskini wa parokia hawakuthubutu hata kuvionja, vilienea kati yao kwa muda wa miaka 20 kwa kutolewa zawadi kwa waliovipanda. Lakini saa yake ilipima mwanga. Haikupima mfuko wa mtu siku ya kununua.

Miaka 37 baada ya kifo chake, mfuko huo ulisema wenyewe. Katika mwaka 1830 wafanyakazi wa mashamba wa kusini mwa Uingereza walikuwa na mishahara duni, na mashine za kupura nafaka zilikuwa zimewanyang'anya kazi yao ya miezi ya baridi. Mwezi wa Novemba ghasia hizo zilifika Selborne. Umati ulimwendea kasisi wa wakati huo, ukamtaka aipunguze zaka anayotoza, ili wenye mashamba wapate nafasi ya kuongeza mishahara. Kisha watu waliishambulia nyumba ya maskini ya parokia, mahali walipowekwa wasio na riziki, wakaiharibu. Kesho yake wakafanya vivyo hivyo katika kijiji cha Headley. Husimuliwa hadi leo kwamba mtu aitwaye John Newland ndiye aliyepiga baragumu kuwakusanya wenzake, na kwamba baadaye alijificha katika msitu wa Hanger. Wengine hawakubahatika kama yeye. Walihukumiwa wakapelekwa Australia, mbali na wake zao na watoto. Anayeipanda leo ile njia ya ndugu wawili hupita katika miti iliyomficha mtu huyo.

Bustani ya The Wakes ingalipo, na nyumba imekuwa makumbusho tangu mwaka 1955. Ndani yake mna vyumba vya ukumbusho wa jamaa wengine, akina Oates, ambao mmoja wao, Frank Oates, aliyaona maporomoko ya mto Zambezi akafa katika safari ya kurudi mwaka 1875. Katika bustani hiyo alitembea kobe aitwaye Timothy, ambaye White alimrithi kwa shangazi yake mwaka 1780. Kobe huyo aliishi mwaka mmoja hivi zaidi ya bwana wake. Gamba lake limehifadhiwa London, na wataalamu walipolichunguza walikuta kwamba Timothy alikuwa jike.

Mkulima atapendezwa zaidi na aliyoyasema White juu ya nyungunyungu. Wakati ambapo wenye bustani waliwaona kuwa adui, yeye aliandika kwamba hao ndio wanaoutoboa udongo na kuulegeza, wakapitisha mvua na mizizi, wakavuta majani makavu chini, na kwamba pasipo wao ardhi ingekuwa ngumu, baridi na tasa. Charles Darwin alikuja kuandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1881.

Na mbayuwayu? Hao walimsumbua White maisha yake yote. Kila vuli walitoweka Selborne, na wasomi walibishana: wengine walisema huvuka bahari, wengine wakasema hulala usingizi mzito mashimoni mpaka jua lirudi. Ndugu yake John, aliyekuwa kasisi wa jeshi huko Gibraltar, alimwarifu kwamba ndege wa jamii hiyo huonekana wakivuka mlango wa bahari. White alikubali kwamba wengine husafiri, lakini shaka haikumtoka. Mwaka 1781 aliajiri watu wapekue vichaka na mashimo ya kilima, wakitafuta ndege waliolala. Hawakumpata hata mmoja. Jibu lilitoka mbali. Mwezi wa Mei 1911 mbayuwayu mmoja alivishwa pete mguuni huko Staffordshire, na Desemba 1912 alikamatwa Natal, Afrika Kusini. Na wale weusi wenye mabawa marefu kama mundu, ambao White alishangaa kuona wakiondoka mapema mwezi wa Agosti kabla ya baridi, vifaa vidogo vilivyofungwa migongoni mwao katika karne hii vimeonyesha kwamba wengi huenda kukaa juu ya misitu ya Kongo. Mtu wa Kisangani amewaona mara nyingi juu ya mto kuliko White alivyowaona juu ya kanisa lake.

Kanisa lenyewe limewekwa wakfu kwa Mtakatifu Maria, na lina dirisha la vioo vya rangi lenye picha ya Fransisko wa Asizi amezungukwa na ndege waliotajwa katika barua zile. Kaburi la White liko nje, upande wa kaskazini, na jiwe lake ni dogo: limeandikwa herufi mbili, G.W., na tarehe ya 26 Juni 1793.

Mbele ya kanisa kuna kiwanja kiitwacho Plestor. Zamani palisimama hapo mwaloni mkubwa ambao wazee walikaa chini yake na vijana wakacheza, mpaka tufani ya mwaka 1703 ilipoung'oa. Babu yake White alitoa fedha nyingi akausimamisha tena; ulichipua kwa muda, kisha ukakauka. Katika ua wa kanisa ulibaki mti mwingine wa kale, aina ya yu, ambao White aliupima shina akakuta futi 23 kuuzunguka. Uliendelea kunenepa karibu miaka 200 baada yake. Tarehe 25 Januari 1990 tufani nyingine iliuangusha. Watu wa parokia wakapunguza matawi yake, wakausimamisha tena mahali pake, wakaungoja. Nao pia ulikufa, na kisiki chake kingali pale mlangoni.