Je, Ni Pole au Ni Samahani?

Miaka mingi iliyopita alikuja kufanya kazi katika wodi yetu daktari mmoja wa kike kutoka Uingereza. Asubuhi moja, tukiwa kwenye raundi, alijikwaa kizingitini, makaratasi yake yakatawanyika sakafuni. Sisi wauguzi wote tukasema kwa sauti moja, "Sorry, daktari!" Alijiinua, akatutazama mmoja mmoja kwa mshangao. "Mbona mnaniomba msamaha?" akauliza. "Si ninyi mlioniangusha."

Tulicheka, naye akacheka. Sisi tulikuwa tumempa pole yetu kwa Kiingereza, naye alikuwa amepokea samahani. Siku ile tuliona ni jambo la kuchekesha tu. Hatukujua kwamba neno hilo hilo lingekuja kutuhukumu.

NENO MOJA, KAZI NYINGI

Mama msomaji, neno "sorry" limeingia katika nyumba zetu zote. Watoto wanalisema, na hata bibi ambaye hakukaa darasani utamsikia akimwambia mjukuu aliyeanguka, "Sori, mwanangu." Lakini tukilichunguza, tunaona lina kazi nyingi kama mama mwenye watoto saba.

Aliyefiwa huambiwa "sorry", na hapo maana yake ni pole. Aliyekanyagwa mguu ndani ya basi huambiwa "sorry", na hapo ni samahani. Asiyesikia vizuri huuliza "sorry?" akitaka urudie ulilosema. Anayetaka kupita katikati ya watu husema "sorry", yaani nipisheni. Mwenye duka akikujibu "sorry" ulipouliza sukari, ujue sukari imekwisha. Ukiambiwa kwamba utakuwa "sorry", umetishwa: utajuta. Na nyumba ikiwa katika hali ya "sorry", basi imechakaa hata inasikitisha kuitazama.

Wajuzi wa lugha wanasema neno hili lilitoka katika Kiingereza cha kale, nalo ni ndugu wa neno "sore", yaani penye kidonda, panapouma. Kwa hiyo ndani yake kuna maumivu. Lakini ni nani aliyeyaleta maumivu hayo? Neno lenyewe halisemi.

Lugha yetu imelitenga jambo hili mapema. Pole humpa mtu yeyote mwenye taabu, hata kama taabu yenyewe huijui ilikotoka. Twasema pole na kazi, pole na safari, pole na msiba. Samahani ni kitu kingine. Ni kweli nayo tunaitumia kwa mambo madogo, kama kumsimamisha mpita njia ili tumwulize njia ya sokoni. Lakini katika jambo zito, anayeomba msamaha anakubali kwamba mkono wake umo. Pole haina mkosaji, bali samahani inaye.

USIKU ULE WODINI

Usiku mmoja tulikuwa zamu wauguzi 2 katika wodi ya wazazi, na akina mama wenye uchungu walikuwa 11. Mmoja wao, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alituita akisema mtoto amepunguza kucheza. Tukamjibu, "Vumilia, mama, bado." Akatuita mara ya pili. Wakati huo mama wa kitanda cha jirani alikuwa akivuja damu nyingi, na sote wawili tulikuwa huko tukihangaika naye.

Katika kazi yetu, mama akishafika katika uchungu wenyewe, mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa kila nusu saa na kuandikwa kwenye chati. Mapigo ya kawaida ni kati ya 110 na 160 kwa dakika. Tulipomrudia mama yule, saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita. Tukaweka pembe ya kusikilizia juu ya tumbo, tukaihamisha huku, tukaihamisha kule. Kimya.

Alijifungua alfajiri mtoto wa kiume, ambaye alikuwa amekwisha kututoka. Tulisimama kando ya kitanda chake tukamwambia, "Sorry, mama. Sorry sana." Naye kwa heshima akajibu, "Asanteni, masista."

Kwa nini tulisema Kiingereza? Mama yule alikuwa Mswahili kama sisi. Tukijichunguza leo, tunaona kwamba neno la kigeni lilitufaa kwa sababu lilikuwa na milango miwili. Yeye angeweza kuingilia mlango wa pole, na sisi tungeweza kujiambia kwamba tumeomba radhi. Kwenye chati, mahali pa zile saa mbili, palibaki peupe.

SWALI LA MAMA YULE

Mwaka uliofuata alikuja kliniki ya wajawazito, safari hii akiwa na mimba ya pili. Tulimpima uzito, tukampima damu, tukamwandikia tarehe ya kurudi. Hakuondoka. Akasema, "Masista, naomba niwaulize neno moja. Siku ile mliniambia sorry. Ilikuwa pole, au ilikuwa samahani?"

Tulitazamana. Mmoja wetu akaanza kueleza jinsi wauguzi walivyo wachache, jinsi usiku ule ulivyokuwa mgumu, jinsi mama wa kitanda cha pili alivyokuwa hatarini. Yote yalikuwa kweli. Mama yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Nimewaelewa. Lakini sijajibiwa."

Ndipo tulipofunga mlango, tukakaa naye. Tukamwambia, "Mama, ulituita mara mbili, nasi hatukuja kusikiliza. Ilipita zaidi ya saa mbili. Hatuwezi kukuambia kwamba mtoto angepona kama tungekuja. Lakini ilikuwa kazi yetu kuja. Tulikukosea, na tunaomba utusamehe."

Alilia kwa muda mrefu. Tulidhani analia kwa hasira, na alikuwa na haki nayo. Alipotulia alisema maneno ambayo hatutayasahau: "Siku mbili kabla ya uchungu nilibeba ndoo ya maji kutoka kisimani. Mama mkwe alisema nimemuua mtoto kwa ile ndoo. Nami nikaamini. Nimeibeba ndoo ile mwaka mzima."

Wenzetu, hapo ndipo tulipoelewa tulichokuwa tumekifanya kwa lile neno letu la milango miwili. Tulimpa pole, tukaondoka na samahani yake mfukoni. Na kosa lisipopata mwenyewe haliyeyuki hewani. Hutafuta bega la kulala, na mara nyingi hulala kwenye bega la yule yule aliyeumizwa. Sisi tulinyamaza, na mama mwenye kidonda akabeba kosa letu juu ya msiba wake.

Tulimwambia kwamba hakuna chochote tulichokiona usiku ule kinachoilaumu ndoo. Tukaenda kwa muuguzi mkuu tukamweleza habari za zile saa mbili tupu. Na kwa ruhusa ya mama yule, Jumapili moja baada ya ibada tulikwenda nyumbani kwake, tukarudia maneno yale yale mbele ya mume wake na mama mkwe. Haikuwa safari rahisi. Mume alitoka nje kwa hasira, akarudi baadaye. Mama mkwe alikaa kimya muda mrefu, kisha akamwita mkwewe "mwanangu".

Hakutuambia siku ile kwamba ametusamehe. Alisema tu, "Nimesikia." Lakini siku zake zilipotimia alikuja kujifungulia wodini kwetu. Usiku kucha tulisikiliza kila nusu saa, naye akitukumbusha kila saa ilipokaribia. Alipata mtoto wa kike.

HATA WAKUBWA HUPATA SHIDA NALO

Tangu hapo masikio yetu yamekuwa mepesi kuisikia tofauti hii. Mwishoni mwa Oktoba 2023, Mfalme Charles wa Uingereza alizuru Kenya. Akihutubia Nairobi tarehe 31, alieleza huzuni kubwa na majuto kwa ukatili waliotendewa Wakenya walipopigania uhuru, akasema hakuna kisingizio kwa mambo hayo. Lakini msamaha hakuomba, ingawa wako Wakenya waliokuwa wamemtaka auombe. Kesho yake, tarehe 1 Novemba, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuwa Songea, kwenye kumbukumbu ya vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Yeye alisema anaona aibu, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatendea mababu wa watu wale. Siku mbili, nchi mbili jirani: mmoja alitoa pole nzito, mwingine akaomba msamaha. Na wasikilizaji waliijua tofauti.

Sisi wa hospitali tunajua pia kwamba hofu huziba kinywa. Tunaogopa kwamba tukisema "tumekosa", tutapelekwa mahakamani. Katika nchi nyingine hofu hii imetungiwa sheria. Jimbo la Massachusetts huko Marekani lilianza mwaka 1986 kulinda maneno ya huruma yasitumike kama ushahidi wa kosa. Uingereza nayo, kwa sheria ya mwaka 2006, ilitamka kwamba kuomba radhi peke yake si kukiri uzembe. Walitambua kwamba mgonjwa anahitaji neno hilo, na kwamba hofu humnyima.

TURUDI NYUMBANI

Lakini tusiwaseme wafalme na mahakama tukaziacha nyumba zetu. Ni mara ngapi baba amesema "sorry, mama fulani" huku macho yako kwenye redio, na wewe ukabaki hujui kama amekupa pole au amekiri? Na sisi akina mama je? Tumempiga mtoto kwa kosa la ndugu yake, ukweli ukajulikana, tukamwambia "sori, kula chakula chako". Mtoto yule analala akidhani labda kweli alikuwa na kosa, maana mama hakusema "nilikuonea". Binti wa kazi tumemshuku kwa fedha tulizoziweka wenyewe chini ya godoro. Tulipoziona, tulimwambia nini?

Biblia inatuonyesha njia zote mbili. Rafiki za Ayubu waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno, kwa kuona jinsi mateso yake yalivyokuwa makubwa. Hiyo ilikuwa pole, na ni heri wangeendelea kunyamaza. Zakayo naye hakuwapa pole wale aliowadhulumu. Alisimama mbele ya Bwana akaahidi kuwarudishia mara nne. Na Bwana wetu alifundisha kwamba ukiikumbuka madhabahuni habari ya ndugu uliyemkosea, uiache sadaka yako hapo, uende kwanza ukapatane naye.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, hatusemi uliache neno "sorry". Ni neno zuri, lina maumivu ndani yake. Ila ukilisema, ongeza sentensi moja ya Kiswahili nyuma yake. Kama huna mkono katika maumivu ya mwenzako, sema "pole", kisha ukae naye. Kama mkono wako umo, sema "nimekukosea", na ulitaje kosa kwa jina lake.

Leo usiku, kabla ya sala ya familia, tujiulize: katika nyumba hii yuko nani anayebeba ndoo isiyo yake, akisubiri tumwambie kwamba kosa lilikuwa letu?