Kocha Aliyenibakisha Chuoni

Mwaka 2006 SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya ikiwa chini ya kocha Francis Baraza. Timu ya mashambani, iliyozungukwa na miwa, iliwaacha nyuma Gor Mahia na AFC Leopards. Nilikuwa shule ya msingi, na tangu hapo nilitaka kudaka mipira. Hakuna aliyenikataza, lakini pia hakuna aliyenionyesha msichana anayedaka. Miaka kumi baadaye kocha David Ouma alipoipeleka Harambee Starlets, timu ya taifa ya wanawake, kwenye Kombe la Afrika la Wanawake kwa mara ya kwanza, kule Cameroon, nilikata picha ya timu gazetini nikaibandika juu ya kitanda.

Wakati huo nilikuwa nikiishi kwa dani, mama yake mama yangu, karibu na Mbita, kando ya Ziwa Victoria. Wazazi wangu walichukuliwa na ukimwi, mmoja akimfuata mwenzake. Kaunti yetu ya Homa Bay inaujua ugonjwa huu kuliko karibu kaunti nyingine zote. Uchunguzi wa kitaifa wa 2018 ulikuta kwamba huku karibu mtu mzima mmoja kati ya watano ana virusi. Dani alinilea kwa omena, dagaa wa ziwani. Alianika, akapakia magunia, akauza, na mwaka 2018 akanipeleka chuo kidogo cha ualimu upande wa Migori, nisomee P1, cheti cha ualimu wa shule ya msingi.

Chuo hicho hakina historia ya kujivunia michezoni. Kabati la ofisini lina vikombe vichache vya voliboli na riadha, vyote vya zamani. Timu yetu ya wasichana ilifanya mazoezi kwenye uwanja ulioinama, baada ya masomo, na jezi tulipokezana na wavulana. Kocha alikuwa mkufunzi wa elimu ya viungo. Ameniomba nisimtaje kwa jina, nami namheshimu.

Katikati ya 2019 niliumia goti nikitoka langoni kuwahi krosi. Mwezi huohuo dani akalazwa. Karo ikasimama. Nikafungasha nguo nikarudi ziwani kufanya biashara niliyoijua.

Lazima niseme wazi kuhusu ufuo, kwa sababu wasichana wengi wamepotelea huko. Mwanamke anayetaka samaki kwa uhakika mara nyingi hutakiwa awe na jaboya, mvuvi anayelipwa kwa pesa na kwa mwili wa mwanamke huyo. Ukikataa, mashua inatia nanga na samaki wote wana wenyewe. Nilikataa. Kwa hiyo nilikaa asubuhi nyingi na beseni tupu, goti limevimba, nikihesabu ni lini nitashindwa kukataa.

Kocha alikuja kwa matatu. Hakunihutubia. Aliketi na dani, ambaye alikuwa ametoka hospitalini, akamwomba ruhusa kama mtu anayeposa: "Mama, nakuomba mtoto wako amalize." Alikuwa tayari amezungumza chuoni, wakakubali nilipe karo kidogo kidogo. Alikuwa amechangisha wenzake pesa za kutibu goti. Na alikuwa na kazi ya kunipa: kufua na kutunza jezi kwa malipo madogo, na kuwafundisha magolikipa wapya nikiwa nimekaa kitini mpaka mguu upone. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyoniinua. Nilijifunza kuona mchezo kutoka pembeni, mahali anapokaa kocha.

Mwaka huohuo SoNy Sugar ikaanguka. Kampuni ya kamari ya SportPesa iliacha kudhamini ligi mwezi Agosti, na kufikia Novemba timu ilikuwa imekosa kufika uwanjani mara tatu, ikaondolewa ligini. Nililia kama niliyefiwa. Kocha aliniambia, "Timu ikikosa nauli, magazeti yanaandika. Mwanafunzi akikosa nauli, nani anaandika?"

Machi 2020 corona ikafunga vyuo vyote, nikarudi tena kwa dani. Safari hii sikwenda ufuoni kutafuta samaki. Kocha alipiga simu kila wiki kuuliza kama nimefanya mazoezi ya goti na kama nimesoma. Vyuo vilipofunguliwa nilikuwa miongoni mwa wa kwanza langoni. Nilimaliza, nikapata cheti.

Katika muda wote huo timu yetu haikuleta kikombe hata kimoja. Baraza alistahili kila sifa aliyopata Awendo, na jina lake litabaki kwenye orodha ya mabingwa. Kocha wangu hatapatikana kwenye orodha yoyote, ingawa wasichana watatu wa kikosi kile, tulioelekea kuacha masomo, sasa tunafundisha.

Mimi niko shule ya msingi karibu na Rongo, na nina timu ya wasichana. Mmoja wao, golikipa, hajafika tangu Jumatatu. Nimeuliza kwao ni wapi, nimeambiwa nishuke Karungu niulizie ufuoni. Jumamosi naenda.