Jina la Mwinyi

Sisi tufundishao Kiswahili hapa Burundi huulizwa na wanafunzi jambo ambalo kamusi hulijibu nusu tu. Umwinyi ni tabia ya mtu kujiona bwana na kutaka kutumikiwa; yawaje basi Tanzania iongozwe miaka 10, toka 1985 hadi 1995, na Ali Hassan Mwinyi? Na darasani akiwamo kijana wa Buyenzi mwenye jina hilo, wenziwe humgeukia wakacheka. Kicheko hicho hatukipuuzi, kwa kuwa anayechekwa ni babu yake.

Neno hili ni ndugu wa mwenye: ndiye aliye na mji, shamba au watu. Huko Unguja mtawala wa Wahadimu aliitwa Mwinyi Mkuu, na jumba lake lilikuwa Dunga. Wafanyabiashara wa pwani wakalileta bara. Katika karne ya 19 Mwinyi Kheri alikuwa mkubwa wa Ujiji, kusini mwetu katika ziwa hili hili la Tanganyika, na Mwinyi Mtagamoyo alitamba Nyangwe, Maniema. Wasafiri wa Kizungu waliandika Muini. Tusomapo vitabu vyao tusidhani ni neno jingine. Kongo jina lingaliko: Mwinyi Zahera, aliyekuwa kocha wa Yanga ya Dar es Salaam, ni Mkongo.

Lawama zilikuja baadaye. Siku za Ujamaa mamwinyi waliwekwa fungu moja na makabaila, na neno la heshima likawa la kusutia. Lakini jina la mtu halikufuata njia hiyo. Rais Mwinyi, aliyefariki mwaka 2024, alianza kazi kwa ualimu, kama sisi. Katika miaka ya 1970 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya maovu yaliyotendwa na watumishi walio chini yake. Bwana wa kutumikiwa hafanyi hivyo! Mwanawe Hussein, daktari, aliingia urais wa Zanzibar mwaka 2020.

Wanafunzi wetu wajue pia kwamba kwa desturi ya pwani jina la tatu aghalabu ni la babu, si la ukoo. Hivyo akina Mwinyi hawa wote si jamaa moja. Nasi tutungapo mitihani, sentensi za umwinyi tuzitunge bila kutaja jina la mtu.