Banda la Kuku Kwenye Joto la Kilwa

Basi la Lindi likisimama Nangurukuru, madirisha hujaa wauza korosho, maji baridi na mayai ya kuchemsha. Ukilinunua yai hilo mwezi Januari, ujue kuku aliyelitaga amehangaika. Januari ni katikati ya msimu wa joto pwani hii, na ndipo shule zinapofunguliwa. Mzazi anayetegemea trei za mayai kwa sare na madaftari huumia wakati ule ule anaohitaji fedha: kuku wanakula kidogo, wanataga kidogo, na ganda huwa jepesi, hupasuka kabla ya kufika sokoni.

Kuku hatoki jasho. Joto la mwili wake ni kama nyuzi 41, na hujipoza kwa kuhema mdomo wazi huku ameachanisha mabawa. Akihema sana, damu yake hubadilika na ganda hukosa chokaa ya kutosha. Dawa ya dukani hailiondoi joto hilo. Kinachotakiwa ni hewa.

Kasoro kubwa ni banda lililojengwa kama ghala: tofali hadi juu, bati tupu, kidirisha kimoja. Watu hujifungia hivyo kwa kuogopa wezi, nyoka na kicheche, na siwalaumu. Lakini wavu imara, wenye matundu madogo, humzuia kicheche bila kuuzuia upepo.

Kata kushoto Nangurukuru, ufike Masoko, kisha panda mashua uende Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la sultani la karne ya 14, limekaa juu ya genge mbele ya bahari, mahali upepo unapofika. Kuku si sultani, ila upepo ni ule ule.

Banda lielekee mashariki na magharibi kwa urefu wake. Jua la asubuhi na la jioni litapiga ncha fupi tu, na pande ndefu zitapokea kaskazi msimu wa joto, kisha kusi baadaye. Ukuta wa tofali uishie magotini. Juu yake wavu hadi kwenye paa. Mwishoni mwa Februari jua la mchana hupita utosini kabisa, hivyo paa ndilo linalobeba mzigo. Makuti hayapitishi joto kama bati. Kama bati umeshaliezeka, tandaza makuti juu yake na uyafunge vizuri.

Kumwagia kuku maji ndani ya banda lisilo na upepo ni kosa la kawaida. Hewa ya pwani tayari ina unyevu, na ukiuongeza, kuhema hakumsaidii tena. Lowesha paa kwa nje.

Maji ya kunywa ndiyo kazi nzuri ya kuwapa watoto: wabadilishe saa sita na saa tisa, na chombo kikae kivulini. Tangi jeusi linalochomwa na jua hutoa maji ya moto ambayo kuku huyakataa. Chakula wape alfajiri na tena jua likipungua. Mchana waache wapumzike, wala msiwakimbize. Jioni ongezeni makombe ya chaza yaliyooshwa chumvi na kutwangwa, maana ganda la yai hujengwa zaidi usiku. Pwani ya Lindi makombe hayo yanaokotwa bure maji yakitoka.