Jembe la Mgeni

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huku kwetu mgeni akiisha kupewa jembe huhesabiwa mtu wa nyumba. Sisi tuliokwenda Oman kutafuta kazi tulipewa jembe siku ya kwanza, wala ugeni wetu haukwisha.

Mjini Muscat tulishangaa kusikia Kiswahili sokoni. Wako huko watu wengi waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, hasa tangu Sultan Qaboos alipotawala mwaka 1970. Tuliamkiana nao kama ndugu. Lakini lugha si ruhusa. Ruhusa yetu ya kukaa ilifungwa na jina la bwana wa kazi, kwa desturi iitwayo kafala: ukiachana naye, huna makao.

Mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake, asiweze kwenda kumzika, kwa maana pasi yake ya kusafiria ilikuwa kashani mwa bwana. Tulikaa naye matanga ugenini.

Tangu mwaka 2021 sheria ya Oman yamruhusu mfanya kazi, mkataba wake ukiisha, kuhamia kwa bwana mwingine bila idhini ya yule wa kwanza. Ni jambo jema.

Basi, enyi wazazi, mwana akija kuaga, msimwulize kwanza ataleta nini. Mwulizeni kama ameusoma mkataba wake akauelewa, na pasi yake itawekwa na nani.