Kibara, Kwenye Pete Isiyo na Ubao

Ndugu msomaji, ukitaka kufika Kibara shukia Bunda mjini, uiache barabara kuu iendayo Musoma, nawe ugeukie magharibi. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi jingi wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa mvua. Siku hizi kipande cha Bulamba hadi Kisorya, kilomita 51, kina lami, na Kibara imo humo njiani. Mkono wako wa kushoto Ghuba ya Speke itajitokeza na kujificha, ikimeremeta nyuma ya mashamba ya mihogo na pamba. Huko mbele, barabara inapokoma Kisorya, kivuko huchukua watu na magari kuwavusha hadi Rugezi, Ukerewe. Basi wasafiri wengi huihesabu Kibara kuwa mahali pa kunywa chai tu, roho zao zikiwa tayari zimekwisha panda kivuko. Mimi nakusihi ushuke.

Ni mji mdogo wa Wajita na Wakerewe, na wengineo walioletwa na samaki au pamba. Una soko lake, una hospitali yake, na chini kuna mwalo ambako mitumbwi hupumzika mchana. Harufu ya dagaa waliokwisha kukauka juani itakupokea kabla hujaulizwa habari za utokako. Lakini usikawie mno mwaloni. Ifikapo saa kumi jioni, fuata sauti za wasichana uende kwenye kiwanja cha shule.

Hapo utakuta netiboli. Nguzo ni mti ulionyooka, na juu yake imepigiliwa pete ya chuma iliyokunjwa na fundi wa hapa hapa. Hakuna wavu, hakuna ubao. Wasichana saba kila upande, wengi wao pekupeku, wanarushiana mpira kwa kasi ambayo mgeni akizubaa hataiona. Mtazame hasa mfungaji. Ameshika mpira kichwani kwa mikono miwili, mlinzi amemwinamia, naye kwa kanuni za mchezo hana zaidi ya sekunde tatu za kuamua. Wala hana ubao wa kumsaidia. Mpira ama unapita katikati ya pete, ama umepotea.

Nasema habari za pete hiyo kwa sababu ina jamaa zake mbali. Kila mwaka mwezi wa Machi, msimu wa kawaida ukiisha, vyuo vikuu vya Marekani hukutanisha timu za wanawake katika mashindano makubwa ya mpira wa kikapu. Tangu mwaka 2022 zimekuwa timu 68, na atakayefungwa mara moja hufunga virago. Fainali ya mwaka 2024, South Carolina ilipoishinda Iowa kwa 87 kwa 75, ilitazamwa kwenye televisheni na watu wengi kuliko fainali ya wanaume ya mwaka huo huo.

Na usidhani jambo hilo halituhusu sisi wa huku ziwani. Mwezi Machi mwaka 2025, katika timu ya Mississippi State, alikuwamo Mkenya Madina Okot, aliyetokea Chuo Kikuu cha Zetech. Timu yake iliitoa California, kisha ikafungwa na USC ya Los Angeles kwa 96 kwa 59. Mwaka huo huo akahamia South Carolina yenyewe. Kenya kwa mtu wa Mara si ng'ambo. Ukifika Sirari umeiona.

Sasa rudi kwenye kiwanja cha Kibara. Mpira wa kikapu ulibuniwa Desemba 1891 na James Naismith huko Springfield, Massachusetts, kwa vikapu vya kuwekea matunda. Hata miaka miwili haikupita mwalimu Senda Berenson wa chuo cha Smith akawachezesha wasichana wake. Katika pambano lao la Machi 1893, wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama. Kanuni zake ziligawa uwanja mafungu matatu, zikakataza kumpokonya mwenzio mpira, zikaweka kikomo cha sekunde tatu. Bila shaka, ndugu msomaji, umekwisha zitambua. Mchezo ulivuka bahari hadi Uingereza, ukabadilishwa katika chuo cha walimu wa kike cha Madame Österberg, kikapu kikawa pete, ubao ukaondolewa, na kudundisha mpira kukaachwa. Hiyo ndiyo netiboli, ambayo walimu wa Kiingereza walituletea katika shule za wasichana wakati wa ukoloni.

Kwa hiyo wale wasemao kwamba kikapu ni mchezo wa watoto wa mjini, na kwamba wa shamba wanatosheka na netiboli, mimi sikubaliani nao. Pete ya netiboli na ya kikapu zote ziko mita 3.05 kutoka chini. Uwanja wa netiboli una urefu wa mita 30.5 na upana wa mita 15.25, wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Msichana wa Kibara anajua tayari kupokea mpira akiwa angani, kugeuka kwa mguu mmoja, na kulenga shabaha iliyo juu yake. Asichokijua ni kudundisha, na hakijui kwa sababu ya ardhi. Dundisha mpira kwenye mchanga wa kiwanja kile uone unavyozama; kisha ujaribu kwenye sakafu ya saruji.

Jambo hili lina gharama yake. Katika UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, msichana huonyesha kipaji chake kwenye netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono au riadha. Kikapu hukikuta UMISSETA, akiwa sekondari, mbele ya wenzake waliokizoea. Mchujo huanzia shuleni, ukapanda kata, tarafa, wilaya na mkoa, hata kufikia taifa, kwa kawaida mwezi wa Juni. Mwaka 2017 na 2018 fainali za taifa zilifanyika Mwanza, ng'ambo tu ya ghuba hii. Mchezaji wa kikapu wa kutoka kijiji cha ziwani anakuwa na miezi michache tu ya kujifunza alichonyimwa miaka saba.

Na Juni ikipita? Anayechaguliwa kwenda chuo cha ualimu au chuo kikuu atakuta michezo inaendelea huko. Anayemaliza kidato cha nne akabaki nyumbani, mara nyingi mpira wake huishia pale pale, akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane. Kaka yake ataendelea kucheza soka kila jioni mpaka aote mvi.

Wala tusidhani wenzetu walianza na majumba ya fahari. Mwaka 1972, mashindano ya kwanza ya taifa ya timu 16 za vyuo vya wanawake vya Marekani yalitwaliwa na Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki karibu na Philadelphia, chini ya kocha Cathy Rush. Nauli ya kwenda Illinois haikutosha. Wasichana walichuuza miswaki kutafuta fedha, na hata hivyo ni wachezaji wanane tu waliosafiri, wengine walibaki. Nyumbani watawa waliwashangilia kwa kupiga ndoo. Walishinda tena mwaka 1973 na 1974.

Ndoo hapa Kibara zipo, na washangiliaji utawasikia mwenyewe. Zinazohitajika ni mifuko ya saruji, mwalimu mmoja anayejua kanuni, na mbao mbili. Ubao wa kikapu una upana wa mita 1.80 na kimo cha mita 1.05. Pale mwaloni, mafundi wa mitumbwi hukata mbao ndefu kuliko hizo.